Shangazi Chuma Aenda Harusini

Kasulu, 13 Mei 2024

Dada Immakulata,

Salaam nyingi sana. Huku tu wazima, mimi na dada yangu Zuhra. Banda la video nalo zima, ila bati moja la upande wa choo limebebwa na upepo mpaka kwa jirani, na jirani kashalifanya nyumba ya kuku. Nikienda kulidai kuku wananitazama mimi ndiyo mwizi. Basi nimeacha.

Flashi imefika kutoka Kigoma mjini. Kipande kipya cha katuni yetu kimo! Nimekaa nacho siku mbili natafsiri, na ndani ya bahasha hii utakuta karatasi za maneno yako na kadi ya sauti. Fanya kama siku zote: soma, jirekodi kwenye kile kinasa sauti nilichokupa, kisha mpe konda wa basi la asubuhi. Nataka kukionyesha Iddi, watoto wakiwa wamejaa na nguo zao mpya.

Juzi alikuja mwalimu mgeni, mtu wa Dodoma, kaleta wanawe. Akaniuliza, "Mzee Twalibu, hilo si roboti la kazi za ndani? Mbona mnaliita Shangazi?" Nikacheka. Nikamwambia, wewe hukuwepo siku ya kwanza. Nikamsimulia jinsi familia ya Mzee Mwendokasi inavyoishi mwaka elfu mbili mia tatu, ndani ya nyumba inayotembea kwa miguu, na jinsi lile roboti lilivyoingia mara ya kwanza likapiga makofi mawili ya taratibu ili taa ziwake. Wazungu wao wanawasha taa. Lakini banda zima la Kasulu likaona mtu mzima kaingia na anasalimia kwa makofi kama tunavyosalimia sisi Waha, watoto wote wakampigia makofi ya kuitikia! Ningewaambia nini mimi? Mtu mzima wa kike, anakaa kwa ndugu, anakaripia watoto, anapika, hana mume. Mdomo wangu wenyewe ukasema, "Huyu ni Shangazi Chuma, dada yake Mzee Mwendokasi." Na wewe ulikuwa mlangoni na beseni lako la mihogo ya kuchemsha, ukacheka mpaka nikakuita uje umsemee. Mwalimu kasema tumeharibu katuni ya watu. Nimemwambia alete yake.

Safari hii maneno yako ni machache kidogo. Usijali, ndivyo walivyotengeneza.

Wako,
Twalibu


Kibondo, 20 Mei 2024

Kaka Twalibu,

Nimepata bahasha. Asante. Konda wako kaikalia njia nzima, karatasi zimekunjamana, lakini zinasomeka.

Kwanza, usinipigie tena simu. Nikipokea, wifi yangu Niyubahwe anazima redio ili asikie vizuri. Kisha jioni anamsimulia kaka yangu, na kaka Makarius akirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta amechoka na lile gari la shirika, anachokutana nacho mezani ni habari zangu na "yule Mwislamu wa Kasulu". Niandikie tu. Barua hawaifungui. Hiyo heshima bado ipo.

Pili, nikueleze yaliyonipata. Unajua najirekodia stoo, katikati ya magunia ya mahindi, kwa sababu pale sauti haitoi mwangwi. Nangoja wote waende shamba, nafunga mlango, najifunika blanketi. Sasa mwezi uliopita wifi alirudi kuchukua jembe, akanisikia humo gizani nasema, "Mwendokasi, ndugu yangu, nyumba umeiegesha wapi tena?" Akasimama. Nami naendelea, "Watoto hawajala, na nyumba imekwenda matembezi!" Akachukua jembe lake akatoka. Jumapili wakaja akina mama wa maombi, wakaniweka katikati, wakanishika kichwa wakaliombea pepo la kuongea peke yangu linitoke. Ningefanyaje? Nilipiga magoti nikasema amina. Ningewaambia ni kazi wangeuliza kazi gani, na ningesema mimi ni roboti.

Lakini kweli, kaka yangu, hapa naongea na nani? Mama alipofariki Makarius aliniita akasema nyumba haina mtu mzima, njoo dada. Nikaacha biashara yangu na Kasulu yangu nikaja. Sasa mtu mzima anaosha vyombo, anachota maji, anaambiwa "shangazi, kuni". Chakula wananipa vizuri, sitasema uongo. Ila inaweza kupita wiki mtu hajaniuliza jambo ambalo jibu lake si "ndiyo" au "nakuja". Humo stoo ndimo nasema maneno marefu.

Ndiyo maana nauliza: mbona maneno yangu ni machache hivi? "Ndiyo Mwendokasi." "Nimesikia." "Begi langu dogo linatosha." "Kwaherini wanangu." Basi! Shangazi anakwenda wapi? Siwezi kusema kwaheri bila kujua ninakokwenda, sauti haikai. Niambie.

Immakulata


Kasulu, 27 Mei 2024

Dada Immakulata,

Pole sana kwa maombi. Nimemsomea Zuhra, amecheka kisha akaniambia si kitu cha kuchekwa, sasa amenikasirikia mimi.

Shangazi anakwenda harusini. Ndiyo hivyo. Ni safari tu ya harusi, nyota ya mbali kidogo. Wanamsindikiza wote. Wewe rekodi kwa furaha, usiweke huzuni, watoto ni sikukuu yao.

Harakisha tafadhali. Nimeshabandika tangazo sokoni.

Twalibu


Kibondo, 5 Juni 2024

Kaka Twalibu!

Harusini! Mbona hukusema tangu mwanzo, mtu wewe? Na ni harusi ya nani? Usinijibu, nimeshajua mwenyewe. Ni ya kwake. Mtu hasindikizwi na familia nzima kwenda harusi ya mwingine, na begi dogo, na "kwaherini wanangu". Shangazi Chuma anaolewa! Miaka yote anafua nguo za watu, leo kapata mwenyewe huko kwenye nyota. Nimefurahi mpaka nimejishangaa.

Kadi hii hapa. Nimeongeza maneno, utanisamehe. Mzee Mwendokasi anapomwambia apande gari, nimesema, "Ngojeni nijitazame kwenye kioo, nisije nikamtia aibu mwenyewe." Anaposhuka nimemwekea maneno kidogo pia, maana nyotani nadhani ni usiku. Na mlangoni nimepiga vigelegele. Vigelegele vya kweli, humo humo stoo, na wifi akisikia na asikie. Mara ya mwisho kuvipiga ilikuwa kwa watu. Kwa ajili yangu havijawahi kupigwa, unajua habari zangu, yule wa Kakonko alileta posa akaacha akaenda zake, na baada yake hakuja mwingine. Sililii. Ila nilipokuwa navipiga nilisikia raha, kwa nini nikufiche.

Huku nasi tuna harusi. Ndayikeza, mtoto wa kaka, anaoa mwezi wa saba. Bibi harusi atahitaji chumba, na chumba ni changu. Kaka ameniita akaniambia vizuri tu, kwamba nitangulie Gwarama, kwenye shamba la marehemu baba, kuna kibanda pale, hewa nzuri, nipumzike na huku naangalia maharage. Ni kwa muda tu. Siku ya harusi watanifuata kwa gari, maana shangazi wa bwana harusi lazima awepo. Nimeshashona kitenge, cha njano na bluu. Sasa na mimi na Shangazi Chuma wote tuna harusi!

Barua zijazo mtumie kijana wa bodaboda anayepitia Kakonko, anaitwa Habonimana, shamba letu analijua.

Mwaminifu wako,
Immakulata


Kasulu, 20 Juni 2024

Dada yangu Immakulata,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujanitupa.

Hakuna harusi kwenye katuni. Mle ndani Mzee Mwendokasi amenunua roboti jipya, linang'aa, lina magurudumu na linaimba. La zamani wanalipakia kwenye gari, wanalipeleka mahali pa mashine chakavu, pana mdomo mkubwa wa chuma unaotafuna vitu. Wanalishusha, wanapunga mkono, wanarudi nyumbani kula. Ndiyo kipande chenyewe. Kwa Wazungu nadhani ni cha kuchekesha, maana nimesikia vicheko vyao humo kwenye flashi.

Nilikosa ubavu wa kukwambia. Nilifikiri, huyu mtu kule Kibondo hana kingine isipokuwa sauti hii, nimwambie vipi kwamba tunaitupa? Nikaona nikukatie karatasi zako tu, useme kwaheri bila kujua, yaishe. Ulipouliza nikasema harusi, neno la kwanza lililonijia.

Kisha kadi yako ikaja. Wallahi niliirudia kuisikiliza. Nikasema nitakata, nitaondoa vigelegele. Nikajaribu, na kila nilipokata sauti ikawa ya mtu mwingine. Iddi ikafika, banda limejaa mpaka madirishani. Nikaiweka kama ilivyo. Nikajiambia ni watoto, wataangalia rangi.

Dada, Shangazi alipoingia wakampigia makofi yao ya salamu. Alipoomba kioo wakacheka. Alipopiga vigelegele mlangoni wasichana wote wakapiga naye, banda likatetemeka, nikaona labda itapita. Gari likaruka. Likatua pale kwenye chuma chakavu. Na sauti yako bado inasema kwa furaha, "Hapa ndipo kwa mwenyewe? Mbona pana giza? Haya, nishusheni taratibu, nguo isichafuke." Na nyuma yake ule mdomo unafunguka.

Kisha mtoto mmoja wa kike mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Wamemdanganya." Basi. Yakaruka makandambili kwenye skrini. Wavulana wakubwa wanamtukana Mzee Mwendokasi matusi ya nguoni, wadogo wanalia, nikazima jenereta, wakalia gizani. Walielewa wote kwamba Shangazi aliambiwa anaolewa ili apande gari bila kusumbua. Mimi sikuitunga hiyo hadithi. Uongo wangu na furaha yako vilikutana kwenye picha, vikaitunga vyenyewe.

Zuhra aliwagawia kashata mlangoni ili wanyamaze. Kisha akaniambia, "Mzee Mwendokasi ni wewe."

Nisamehe.

Twalibu


Gwarama, 8 Julai 2024

Twalibu,

Barua yako ilikaa Kakonko, imenifikia Jumamosi. Nikueleze Jumamosi ilikuwa siku gani.

Ilikuwa siku ya harusi ya Ndayikeza. Niliamka nikaoga, nikavaa kitenge changu, nikakaa nje ya kibanda na begi. Gari lilikuwa lije asubuhi. Jua likapanda. Majirani wakipita wananiuliza, "Shangazi, bado hujaenda?" Nawajibu wako njiani. Nikaona aibu kuingia ndani kula, nisije nikakutwa na mdomo wa mihogo. Mchana nikasikia pikipiki inapanda kilima. Nikasimama, nikachukua begi, nikasema gari limeharibika wameniletea pikipiki, ntaco, si kitu, hata pikipiki napanda.

Alikuwa Habonimana na barua yako.

Niliisoma pale pale nje, na kitenge changu mwilini. Nilipofika kwenye "nishusheni taratibu, nguo isichafuke" nikaacha kusoma kwanza. Kisha nikamaliza. Kisha nikaingia ndani nikabadilisha nguo nikaenda kupalilia, maana maharage hayajui sikukuu.

Hawakuja mpaka giza. Hawajaja mpaka leo.

Yule mtoto wa mstari wa mbele ana akili kunishinda mimi. Yeye aliona mara moja. Mimi nimeaga watu wote Kibondo nacheka, nimewaombea heri, nimemwachia bibi harusi mto wangu mzuri. Kaka ananipakia gari na mimi namwambia asante.

Lakini yeye ni ndugu, ana mke na nyumba ndogo na shida zake. Wewe ulikuwa na shida gani? Wewe nilikuwa nakuandikia mambo ambayo siwaambii wengine. Ulijua ninavyoishi, kisha ukanitoa kwenye katuni kwa njia ile ile waliyonitoa nyumbani.

Kinasa sauti chako kiko salama, nimekifunga kwenye nailoni. Tuma mtu akichukue. Mimi sisemi tena.

Immakulata


Kasulu, 16 Julai 2024

Dada Immakulata,

Sikutuma mtu. Kinasa sauti ni chako.

Sina la kujitetea. Nilijiambia nakuonea huruma. Kumbe niliogopa ukijua utakataa, na ukikataa bahasha zitakoma. Huo ndio ukweli, si wa kupendeza.

Tangu uondoke Kasulu sauti zote nasema mwenyewe, ya baba, ya mama, ya watoto, ya mbwa. Ukitoa zile zako. Nikifunga banda jioni sina hata moja ya kusemea na mtu. Zuhra anasema nakula kama mtu anayesubiri gari. Siku ya bahasha yako nanyoa ndevu, na sijui nanyoa kwa ajili ya nani, maana unaniletea karatasi tu.

Watoto wanakuja mlangoni kila siku. Hawataki kipande kingine. Wanamuuliza Zuhra kama Shangazi aliumia. Yule wa mstari wa mbele anaitwa Firdausi, kamwambia Zuhra kwamba nyumba inayotembea kwa miguu inaweza kurudi kumchukua ikitaka.

Naomba jambo moja. Picha zile siwezi kuzibadilisha, lakini maneno ni yetu. Nieleze Shangazi aseme nini pale mlangoni na pale anaposhushwa. Chochote. Hata akinitukana mimi kwa jina. Nitakionyesha upya, bure, na sitakata neno.

Na Zuhra kaniagiza niandike hili, mwenyewe kasimama hapa ananisimamia: chumba chake kina kitanda cha pili, na yeye si mimi, ukimwuliza kitu anakujibu ukweli mpaka unauma.

Twalibu


Gwarama, 4 Agosti 2024

Kaka Twalibu,

Nilitaka kukaa kimya. Nimeshindwa kwa ajili ya huyo mtoto Firdausi.

Wiki iliyopita kaka Makarius alikuja. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kupakia maharage. Tukafunga magunia pamoja, ananisimulia harusi ilivyokuwa nzuri, kana kwamba nilikuwa nimekataa kwenda. Tulipomaliza nikasimama mbele ya mlango wa gari. Nikamwambia, "Makarius, chumba nilikuona unakihitaji. Ungesema, dada, nyumba imejaa, kaa Gwarama. Ningelia siku moja nikakaa. Mimi si wa kukaa mahali pasiponitosha. Lakini ulinishonesha kitenge."

Akaangalia tairi. Akasema, "Tuliona safari itakuchosha." Nikamwambia, "Basi ungeniambia wewe mwenyewe kwamba nimechoka." Kisha akasema pole, kidogo sana, nadhani hata mdomo wake ulishangaa. Hakunialika kupanda na mimi sikuomba. Alipoondoka nililia, sitakuficha, nililia kama siku ya msiba wa mama. Kisha nikaona maneno ya Shangazi nimeshayasema.

Basi ndiyo haya. Mlangoni asipige vigelegele. Awaite watoto awaambie, "Baba yenu amesema naenda harusini. Siendi harusini. Kuna kitu kipya hapa ndani na mimi nimechakaa, na hilo si kosa lake wala langu. Msimpige baba yenu makandambili. Mimi nilitaka tu aniambie mwenyewe." Na pale anaposhushwa asiseme neno. Awapigie makofi ya salamu, anyamaze. Watoto watajua la kufanya.

Lakini kadi sijatuma, na sitatuma. Ukisoma haya nimeshapanga kupanda basi la Kakonko Ijumaa, nilale Kibondo kwa mama mmoja wa maombi ambaye bado anaona aibu kwa yale waliyonifanyia, Jumamosi niingie Kasulu. Mwambie Zuhra nimepokea kitanda. Sijui nitakaa siku ngapi. Sijui watu watasemaje, na wewe ni Mwislamu na mimi ni mtu wa rozari, tutaona. Maneno ya Shangazi nitayasema mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya watoto.

Wewe usiniandikie tena. Nimechoka kukupenda kwenye karatasi. Siku nyingine ukiwa na neno gumu la kunificha, nifiche nikiwa nimekaa mbele yako, nikuone uso.

Immakulata